Kinachowaka si mafuta bali mvuke: Somo lisilofika katika karakana za nyumbani

MIKASA mikubwa ya moto nchini huacha nyuma tume, ripoti na ahadi. Ilikuwa hivyo baada ya lori la petroli kupinduka na kuwaka moto Sachangwan, karibu na Molo, Januari 31, 2009, na kuua zaidi ya watu 100, wengi wao wakiwa wamekwenda kuchota mafuta. Ikawa hivyo tena Septemba 12, 2011, mafuta yaliyovuja kutoka kwa bomba yalipotiririka mtaroni hadi mtaa wa mabanda wa Sinai, Nairobi, na kuangamiza wengine zaidi ya 100. Usiku wa Februari 1, 2024 ikawa zamu ya Embakasi, ambako gesi ililipuka katikati ya makazi ya watu. Halmashauri ya kudhibiti kawi na mafuta (EPRA) ilieleza baadaye kwamba ilikuwa imeyakataa maombi ya leseni ya eneo hilo mara tatu mwaka 2023.

Lakini upo moto mwingine usioundiwa tume. Huo ni moto wa sufuria ya nta iliyosahauliwa jikoni, wa tapentaini iliyomiminwa kando ya makaa, wa pipa la pombe linalotokota uani. Moto huu huunguza chumba kimoja, mkono mmoja, mtoto mmoja. Ukitajwa kwenye habari hupewa aya mbili, kisha polisi husema chanzo kinachunguzwa, na mtaa unarejea katika shughuli zake.

Jambo la kusikitisha ni kwamba chanzo chake hakihitaji uchunguzi wa muda mrefu. Kanuni zinazotawala moto wa namna hii zinajulikana vyema, nazo ni chache. Mhandisi wa kiwanda chochote cha rangi huko Eneo la Viwanda huzifuata kila siku. Fundi anayetengeneza bidhaa iyo hiyo katika chumba cha futi 10 kwa 10 hakuna aliyewahi kumwambia. Elimu hiyo imeishia langoni mwa kiwanda, na sheria nayo imesimama papo hapo.

Kazi iliyohamia nyumbani

Sekta ya jua kali si kitu cha pembeni katika uchumi wa Kenya. Tangu ripoti ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) ya mwaka 1972 kuhusu ajira nchini, wataalamu wameitambua sekta isiyo rasmi kuwa mhimili wa riziki za Wakenya. Serikali ilitoa waraka rasmi wa kuendeleza biashara ndogo na jua kali mwaka 1992, na takwimu za kitaifa za miaka ya karibuni zinaonyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya ajira, ukiondoa kilimo cha wakulima wadogo, imo humo.

Sehemu ya kazi hiyo haifanyiki Kamukunji wala Gikomba, bali majumbani. Kina mama wa vyama huyeyusha nta na kutengeneza mishumaa. Vijana waliohudhuria warsha ya siku mbili hurudi mtaani na kuanza kupika polishi ya viatu na ya sakafu kwa nta, tapentaini na rangi. Maseremala huchemsha gundi na kupasha vanishi joto ili iwe nyepesi. Wafugaji nyuki wa Baringo na Kitui huyeyusha masega ili kuipata nta safi. Katika pwani ya Lamu, mafundi wa majahazi wamerithi ujuzi wa kuandaa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya wanyama unaopakwa sehemu ya chombo inayozama majini.

Kazi hizi zote zinafanana katika jambo moja. Kitu kinachoweza kuwaka hupashwa joto, na mara nyingi kwa moto wa wazi: jiko la makaa, stovu ya mafuta taa, meko ya gesi au kuni. Tena jiko hilo huwa ndilo la kupikia ugali wa jioni, na chumba hicho ndicho watoto wanamolala. Mtu asiye na pesa za kukodi kibanda cha kazi hana uhuru wa kutenganisha karakana na kitanda. Kwa hivyo kumlaumu kwa uzembe ni kuliona tawi na kuusahau mzizi.

Mvuke ndio adui

Watu wengi huamini kwamba petroli, mafuta taa au tapentaini ndiyo inayowaka. Kwa hakika kiowevu chenyewe hakiwaki. Kinachowaka ni mvuke unaopaa juu yake na kuchanganyika na hewa. Kila kiowevu cha aina hii kina kiwango cha joto ambacho kikifikiwa, mvuke wake huwa mwingi kiasi cha kushika moto iwapo cheche au mwali utaugusa. Hicho ndicho kiwango cha kushika moto, na ndiyo nambari yenye manufaa zaidi ambayo fundi anaweza kuijua kuhusu malighafi yake.

Kwa petroli, kiwango hicho ni takriban nyuzi 40 chini ya sufuri. Maana yake ni kwamba hakuna siku wala saa nchini Kenya ambapo petroli iliyo wazi haiko tayari kuwaka. Kwa asetoni, inayopatikana katika thina nyingi, ni takriban nyuzi 20 chini ya sufuri. Kileo safi cha ethanoli hufikia kiwango hicho kwenye nyuzi 13 hivi, joto ambalo asubuhi ya Limuru huweza kulipita hata mwezi wa Julai. Tapentaini hushika moto kwenye nyuzi 35 hivi, na mafuta taa kuanzia nyuzi 38. Nta ya mishumaa, kwa upande mwingine, huyeyuka kati ya nyuzi 46 na 68 kutegemea aina yake, lakini mvuke wake hauwi wa kuwaka hadi ipite nyuzi 200 au karibu na hapo.

Viwango hivi hupimwa na kurekebishwa kulingana na kanieneo ya hewa ya usawa wa bahari. Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi zaidi, na viowevu hutoa mvuke wa kuwaka vikiwa na joto dogo zaidi. Tofauti hiyo hufikia nyuzi nne au tano. Mafuta taa yanayohesabiwa kuwa salama hadi nyuzi 38 kule Mombasa hupoteza usalama huo yakiwa na joto la nyuzi 33 hivi jijini. Na kule Mandera au Lodwar, hewa yenyewe ya adhuhuri huweza kukifikia kiwango hicho bila jiko lolote.

Yapo pia mambo mawili ambayo jicho haliwezi kuyaona. La kwanza ni kwamba mvuke wa viowevu hivi ni mzito kuliko hewa. Ule wa petroli huizidi hewa uzani mara tatu hadi nne. Badala ya kupaa na kutoka dirishani, huteremka, hutambaa sakafuni kama maji, hupita chini ya mlango na kulifikia jiko la jirani. Moto ukishawaka huko, hurudi kwa njia iyo hiyo hadi kwenye chombo ulikotoka. Ndiyo sababu mtu husema moto uliruka. Haukuruka, bali ulifuata njia iliyokuwa imekwisha kutandikwa.

La pili ni wingi. Mvuke wa tapentaini huanza kuweza kuwaka ukiwa chini ya asilimia moja tu ya hewa. Lita moja ikigeuka mvuke yote, inatosha kujaza takriban mita 19 za ujazo kwa mchanganyiko wa kuwaka. Chumba cha futi 10 kwa 10 chenye kimo cha futi nane kina ujazo wa mita 22 hivi. Kwa maneno mengine, mkebe mmoja wa lita moja unatosha kukigeuza karibu chumba kizima kuwa bomu linalongoja kiberiti.

Sufuria ndani ya sufuria

Ikiwa adui ni mvuke na mvuke huletwa na joto, basi kazi ya kwanza ya fundi ni kulitawala joto. Viwandani kazi hiyo hufanywa na mitambo ya umeme yenye vidhibiti. Nyumbani inaweza kufanywa na maji.

Njia yenyewe ni ya zamani na haina gharama. Sufuria yenye nta huwekwa ndani ya sufuria kubwa zaidi yenye maji, na maji hayo ndiyo yanayopashwa joto. Maji yaliyo wazi hayawezi kupita kiwango chake cha kuchemka hata moto uongezwe vipi. Kiwango hicho ni nyuzi 100 Mombasa, na nyuzi 94 hivi Nairobi. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Kwa hivyo maji yana joto la kutosha kuiyeyusha nta popote nchini, na hayana joto la kutosha kuifikisha pale inapotoa mvuke wa kuwaka. Fundi asiye na uwezo wa kununua kipimajoto anacho tayari kidhibiti joto kinachofanya kazi bila umeme.

Njia hii ina masharti. Maji yasiachwe kukauka, kwa sababu yakiisha, sufuria ya nta huwa imekaa juu ya moto kama vile hapakuwa na maji kamwe. Maji yasiruke na kuingia ndani ya nta, kwani huitawanya yanapochemka chini yake. Vipande vya nta vikatwe vidogo ili viyeyuke pamoja. Na anayepika asiondoke. Nta iliyowekwa moja kwa moja juu ya makaa hupita kutoka hali ya kuyeyuka hadi hali ya kufuka moshi bila kelele wala povu la kumwonya mtu. Moshi mweupe ukianza kuonekana, muda uliobaki ni mfupi mno.

Ni muhimu pia kutambua mahali ambapo njia ya maji haifai. Kuchemsha mafuta ya kitani ili kutengeneza vanishi kwa mtindo wa kale kunahitaji zaidi ya nyuzi 200, joto ambalo maji hayawezi kulitoa na ambalo nyumba haipaswi kuliona. Seremala ananufaika zaidi kuyanunua mafuta hayo yakiwa tayari yametayarishwa kiwandani. Hata hapo, vitambaa vilivyolowa mafuta hayo visirundikwe pembeni. Mafuta ya kitani hutoa joto yanapokauka, na rundo la vitambaa huweza kujiwasha lenyewe usiku pasipo mtu kuligusa. Vitambaa hivyo vianikwe kimoja kimoja nje, au vitumbukizwe majini.

Kosa la dakika moja

Hatari kubwa katika upishi wa polishi haiko kwenye nta. Iko kwenye dakika ile tapentaini au mafuta taa yanapoongezwa. Maelekezo mengi yanayopitishwa kutoka kwa mtu hadi mtu husema: ipua sufuria, kisha mimina. Maelekezo hayo ni nusu ya ukweli.

Nta iliyoyeyuka ina joto la nyuzi 65 au zaidi, ilhali tapentaini hushika moto kwenye nyuzi 35. Hii ina maana kwamba hata sufuria ikiwa imeshaipuliwa, tapentaini inayomiminwa humo hupita kiwango chake papo hapo na kufoka mvuke. Hakuna namna ya kuchanganya viwili hivyo vikiwa bado majimaji bila kuuzalisha mvuke huo. Usalama hapa hautokani na kupunguza joto pekee. Hutokana na kuhakikisha kwamba mvuke utakapotoka hautakuta kitu cha kuuwasha, wala chumba cha kuufungia.

Hivyo basi, jiko huzimwa kabisa kabla mkebe wa tapentaini haujafunguliwa. Kulisogeza jiko pembeni hakutoshi, na makaa yaliyofunikwa jivu bado ni moto. Sufuria hutolewa nje, mahali penye upepo, mbali na meko ya jirani na mbali na mtaro, kwa kuwa mvuke hutafuta bonde kama yafanyavyo maji. Nta huachwa ipoe hadi kingo zake zianze kuganda. Ndipo kiowevu humiminwa kidogo kidogo huku mchanganyiko ukikorogwa, na mkebe kufungwa kila baada ya kumimina. Sigara, koroboi na hata jiko la umeme lenye waya unaong'aa, vyote huhesabiwa kuwa moto. Swichi ya taa nayo hutoa cheche ndogo inapobonyezwa, na cheche ndogo inatosha.

Zaidi ya yote, kiowevu chenyewe kisipashwe joto peke yake kwa moto wa wazi kwa sababu yoyote ile. Seremala anayeona vanishi imekuwa nzito asubuhi ya baridi anaweza kuuweka mkebe uliofunguliwa kizibo katika beseni la maji vuguvugu yaliyochemshwa kwingine, akiwa nje na bila moto karibu. Mkebe uliozibwa ukipashwa joto hujenga shinikizo na kupasuka. Ulio wazi juu ya jiko hutoa mvuke moja kwa moja juu ya mwali. Hakuna njia ya tatu juu ya jiko.

Petroli haina nafasi yoyote katika kazi hii. Fundi anayeitumia badala ya tapentaini kwa sababu ni rahisi kupatikana amebadilisha kiowevu kinachohitaji joto ili kiwake kwa kile kisichohitaji chochote. Hapo pia ndipo biashara ya mafuta yaliyochanganywa inapogeuka suala la uhai. Mwaka 2018 serikali ilianzisha ada ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuwazima waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Hatua hiyo iliwalenga walaghai wa dizeli. Mchanganyiko unaomtisha fundi wa nyumbani ni ule wa kinyume, petroli kidogo inapoingia katika mafuta taa, iwe kwa hila au kwa chombo kisichooshwa. Kiasi kidogo tu hushusha kiwango cha kushika moto chini ya joto la kawaida la chumba, na mnunuzi hana njia ya kukitambua ila harufu.

Pombe na spiriti

Haiwezekani kuujadili upashaji joto wa viowevu vinavyowaka nchini bila kuitaja chang'aa. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 iliihalalisha kwa masharti ya leseni na ufungaji maalumu, lakini upishi wa uani bila leseni umeendelea, nao ni haramu. Mjadala wa umma umejikita katika sumu, na kwa sababu nzuri: pombe yenye methanoli iliua zaidi ya watu 130 Nairobi mwezi Novemba mwaka 2000, na mikasa mingine ikafuata.

Hata hivyo, mtambo wenyewe ni hatari kabla tone la kwanza halijanywewa. Kazi yake ni kuzalisha mvuke wa ethanoli, na chini yake kuna kuni zinazowaka. Kiungo kikilegea au mrija ukiziba, mvuke hutoka na kuukuta moto hatua moja tu kutoka hapo. Kinachomlinda mpishi ni unga au udongo uliozibia viungo. Onyo hilo lina uzito kwa yeyote anayedhani kwamba anaweza kukeneka manukato au spiriti nyumbani kwa mtindo uo huo.

Janga la corona mwaka 2020 liliongeza sura nyingine. Vikundi vingi vilianza kuchanganya vitakasa mikono. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu utengenezaji wa vitakasa hivyo uliweka wazi kwamba mchanganyiko wenye asilimia 80 ya ethanoli hushika moto kwenye nyuzi 17.5. Kazi hiyo haihitaji joto hata kidogo. Lakini mitungi iliyobaki bado imo katika baadhi ya nyumba, na mwenye nyumba huiona kama maji ya kunawa.

Moto ukizuka

Mtu anayeona sufuria ikiwaka huwa na silika mbili, na zote mbili huua. Ya kwanza ni kumwaga maji. Maji ni mazito kuliko nta na mafuta, hivyo huzama chini yake, huchemka ghafla na kugeuka mvuke. Lita moja ya maji hutoa lita zipatazo 1,700 za mvuke. Nta inayowaka hurushwa hadi darini, na moto wa sufuria ukawa moto wa nyumba. Silika ya pili ni kuinyanyua sufuria na kukimbia nayo nje. Anayekimbia hujimwagia mwenyewe, au humwagia aliyesimama mlangoni.

Kinachotakiwa ni kuunyima moto hewa. Kifuniko cha chuma kinachotosha sufuria kiwe karibu kabla kazi haijaanza, na ndoo ya mchanga mkavu iwe kando yake. Kifuniko huwekwa kwa kutelezeshwa kutoka upande wa mtu kuelekea mbele, jiko huzimwa ikiwezekana, na sufuria huachwa mahali ilipo hadi ipoe kabisa. Kuifunua mapema huurejesha moto. Mtungi wa kuzimia moto wa poda kavu unafaa zaidi kwa anayeweza kuununua, na kikundi cha watu 10 kikichanga kinaweza. Ikiwa moto umeshika dari au kiowevu kimemwagika sakafuni, kazi pekee iliyobaki ni kuwatoa watu.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, kisha apelekwe hospitalini. Dawa ya meno, siagi na unga huliziba joto ndani ya jeraha na kuwaongezea madaktari kazi.

Sheria ipo, mkono haufiki

Kenya haina upungufu wa sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi apasajili na awalinde walio humo. Kanuni za kupunguza hatari za moto, zilizochapishwa mwaka uo huo, zinagusia uhifadhi wa vitu vinavyowaka, mafunzo ya wafanyakazi, vifaa vya kuzimia moto na ukaguzi. Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti huduma za zimamoto na udhibiti wa majanga. Sheria ya biashara ndogo na ndogo zaidi ya mwaka 2012 ikaunda mamlaka mahususi ya kuwashughulikia wafanyabiashara wadogo.

Lakini sheria hizo ziliandikwa zikimwona mwajiri mwenye lango, ofisi na orodha ya wafanyakazi. Mama anayeyeyusha nta pamoja na binti zake wawili hana kimojawapo. Mkaguzi hana anwani yake. Akiipata, chombo alichonacho mkononi ni amri ya kufunga, na mama anayejua hivyo ataufunga mlango na dirisha ili harufu isitoke. Kwa kufanya hivyo atakuwa ameukusanya mvuke chumbani kwa hofu ya sheria iliyokusudiwa kumlinda. Mkasa wa Embakasi ulionyesha jinsi katazo la karatasi lisivyozuia kitu pale riba ipo na macho hayapo.

Vivyo hivyo, cheti cha zimamoto kinachotolewa na kaunti kina maana tu iwapo aliyekitoa ameingia ndani na kutazama jiko liko wapi na mikebe iko wapi. Kikigeuzwa kuwa stakabadhi ya malipo, hakitofautiani na kodi nyingine.

Gari la zimamoto nalo haliwezi kuwa tegemeo. Vichochoro vya mitaa ya mabanda ni vyembamba mno kulipitisha, na moto wa mvuke humaliza kazi yake katika dakika chache za kwanza.

Njia iliyo wazi

Yapo mambo matatu yanayoweza kufanywa bila sheria mpya. La kwanza ni mafunzo. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) huwatahini mafundi kwa madaraja na kuwapa vyeti. Vyuo vya ufundi viko chini ya kaunti. Kila warsha inayofundisha upishi wa polishi, mishumaa au vanishi inapaswa kuanza na kiwango cha kushika moto kabla ya kufikia vipimo vya nta. Mkufunzi anayefundisha faida bila kufundisha hatari amempa mwanafunzi nusu ya kazi.

La pili ni lebo. Nambari hii huandikwa katika karatasi za maelezo ambazo watengenezaji huwapa wateja wakubwa. Muuzaji anayepima tapentaini kutoka kwa mtungi mkubwa na kuitia katika chupa ya soda huifuta nambari hiyo na onyo lake. Shirika la ubora wa bidhaa (KEBS) lina uwezo wa kushinikiza kwamba chupa yoyote ya thina, spiriti au tapentaini inayouzwa rejareja ibebe onyo kwa Kiswahili sanifu, kwa herufi zinazosomeka: usipashe joto karibu na moto.

La tatu, na lililo gumu zaidi, ni mahali pa kufanyia kazi. Mpango wa kufufua uchumi wa mwaka 2009 ulijenga vituo vya viwanda vidogo katika maeneo bunge, na baadhi yake vilikaa bila kutumiwa kama ilivyokusudiwa. Taasisi ya utafiti wa viwanda (KIRDI) ina uzoefu wa kuwapa wafanyabiashara wadogo mitambo ya pamoja. Kibanda kimoja kilicho wazi pande mbili, chenye sakafu ya saruji, maji, mchanga na majiko yaliyotengwa mbali na meza ya kuchanganyia, kingeziondoa sufuria kadhaa katika vyumba vya kulala. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na tume moja ya uchunguzi.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Kauli hiyo huwafariji waliofiwa, lakini haiwafai wanaopanga bajeti za kaunti. Sufuria ya pili, kifuniko, ndoo ya mchanga na jiko lililozimwa kabla ya mkebe kufunguliwa ni kinga, na bei yake haizidi mauzo ya siku chache ya polishi. Hadi pale mtu atakapotumwa mitaani kuwaonyesha mafundi jambo hilo, kila jioni majiko yatawashwa, mikebe itafunguliwa, na watoto watalala katika chumba kile kile.